Je, Wajua? Baiskeli, Kufuli na Macho ya Watu

Je, wajua kwamba kwa sheria ya Kenya anayenunua baiskeli ya wizi anaweza kufungwa miaka mingi kuliko aliyeiiba? Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mwizi wa kawaida kifungo kisichozidi miaka 3. Kifungu cha 322, kinachomhusu anayepokea mali ya wizi au kukaa nayo, kinapanda hadi miaka 14. Na si lazima uwe umeambiwa waziwazi kwamba mali hiyo imeibwa. Kuwa na sababu ya kuamini hivyo kunatosha kukutia matatani. Baiskeli inayouzwa wakati wa magharibi nyuma ya soko, bila risiti, kwa bei ya tairi mbili, na muuzaji hataki kusema anatoka wapi, hiyo ni sababu ambayo hakimu ataielewa mara moja.

Naanza na hili kwa makusudi. Kuanzia Mtwapa hadi Marereni, baiskeli ikipotea tunamlaani mwizi, tunalilaumu kufuli, na mteja tunamwacha apite zake. Lakini mwizi huichukua baiskeli kwa sababu anajua kuna mtu atatoa pesa kabla ya jua kutua. Mteja akikosekana, kazi hiyo haina faida.

Je, wajua kwamba hata ukiinunua kwa nia safi kabisa, bila kujua lolote, bado si yako? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema anayenunua kwa mtu asiye mwenye mali hapati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji. Mwenye baiskeli akijitokeza na ushahidi wake, ataondoka nayo, na wewe utabaki kumtafuta aliyekuuzia.

Je, wajua kwamba mbuzi ana ulinzi mzito wa sheria kuliko baiskeli? Kifungu cha 278 kimetaja mifugo kwa majina: ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, punda, ngamia, hata mbuni, na adhabu yake inafika miaka 14. Gari na pikipiki vina kifungu cha 278A, miaka 7. Baiskeli haikutajwa katika vifungu hivyo, kwa hiyo inaangukia kwenye wizi wa kawaida. Mfugaji wa Ganze aliyeibiwa mbuzi mmoja na mchuuzi wa samaki wa Ngomeni aliyeibiwa baiskeli wanaweza kusimama katika mahakama moja asubuhi moja, na uzito wa kesi zao ukawa mbalimbali kabisa. Mchuuzi yule bila baiskeli hana namna ya kufikisha samaki barani kabla hawajaharibika. Ni haki sheria iitambue baiskeli kuwa chombo cha kazi, na wabunge wetu wa Pwani wangefaa kulibeba jambo hili.

Je, wajua kwamba baiskeli haina logbook? Mamlaka ya usafiri, NTSA, husajili magari na pikipiki, baiskeli haimo. Kitu kilicho karibu zaidi na hati ya umiliki, ukiacha risiti ya dukani, ni nambari iliyogongwa kwenye fremu, na watu wengi wanaendesha baiskeli miaka bila kuiona.

Itafute leo. Igeuze baiskeli miguu juu, ikae kwa usukani na siti. Tazama kile kikombe kinachobeba ekseli ya pedeli, pale mabomba ya fremu yanapokutana chini. Utakuta tope lililokauka na girisi nyeusi iliyoganda na mchanga. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, sugua polepole bila kutumia tupa, na herufi na tarakimu zitaanza kujitokeza, mara nyingi zimepinda kidogo kwa sababu ziligongwa kwa mkono. Zisipokuwepo hapo, tazama shingoni chini ya usukani, au kwenye bomba la siti karibu na mahali inapokazwa. Piga picha ya nambari, halafu piga picha ya baiskeli nzima wewe ukiwa umeishika. Zitume kwa ndugu au mke wako kwa WhatsApp, ili simu ikipotea picha zisipotee nayo.

Na ikiwa nambari imeshaliwa na kutu? Andika jina lako na nambari ya kitambulisho kwenye karatasi, ikunje ndani ya plastiki, ifunge vizuri, kisha chomoa siti uitie ndani ya bomba. Mwizi hupaka rangi mpya. Hubadilisha siti, hubadilisha gurudumu, hung'oa karia. Ni wachache wanaokumbuka kuchungulia ndani ya bomba.

Je, wajua kwa nini kazi yote hiyo ina thamani? Mtu akikutwa na mali iliyoibwa siku za karibuni, mahakama za Kenya huuliza maswali manne kabla ya kumtia hatiani. Je, mali hiyo ilikutwa kwake? Je, ni ya mlalamikaji kweli? Je, iliibwa kutoka kwa mlalamikaji? Je, iliibwa karibuni? Swali la pili ndilo linalomtoa jasho mwenye baiskeli. Zile baiskeli nyeusi tunazoziita Black Mamba zinafanana mno: fremu ile ile, breki za vyuma zile zile, karia ile ile. Kampuni ya Hero ya mji wa Ludhiana, India, ilitambuliwa na Guinness mwaka 1986 kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani, kwa hiyo yako ina ndugu wengi sana. Kusema "naijua kwa macho" kunatosha kijiweni. Kizimbani utaulizwa: unaijuaje?

Hapo ndipo fundi anapokuwa shahidi mkubwa. Fundi aliyeitengeneza baiskeli yako miaka mitatu anajua kwamba njiti mbili za gurudumu la nyuma ni mpya, kwamba karia ilichomelewa upande wa kushoto, kwamba pedeli moja ni ya plastiki na nyingine ya mpira. Tena baiskeli ya wizi haikai sana bila kupita kwa fundi fulani, maana mwizi naye anataka ibadilishwe sura. Ikipotea, kabla hujalala, wapitie mafundi wote wa mtaa wako na wa mitaa jirani. Kama umeibiwa Malindi mjini, usisahau Gede na Watamu. Kama ni Kilifi, nenda mpaka Mnarani, Takaungu na Tezo.

Je, wajua kwamba makufuli mengi ya Pwani huharibiwa na chumvi kabla mwizi hajayagusa? Jambo hili ninaliona halisemwi vya kutosha, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu makufuli umeandikwa na watu wa nchi za baridi ambako bahari iko mbali na barabara.

Kusi inapovuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, rasharasha za mawimbi hupeperushwa hadi ndani ya mji. Chumvi ikitua juu ya chuma hunyonya unyevu wa hewani, chuma kikawa hakikauki hata siku isiyo na mvua. Kloridi iliyomo hula chuma kwa vishimo vidogo vinavyoingia ndani, jambo baya kuliko kutu ya juujuu inayosugulika. Pita Mambrui au Ngomeni ukatazame makufuli ya madukani. Mwili wa shaba ya manjano umefifia tu, ila kile kitanzi cha chuma kimetoa magamba mekundu, na tundu la ufunguo limezungukwa na ukoko wa kijani. Ufunguo unaingia nusu. Mwenyewe anautikisa, anaupuliza, anaugonga kwa jiwe.

Kufuli la namna hiyo halivunjwi na mwizi, linaachwa na mwenyewe. Siku moja mtu ana haraka, ufunguo umegoma, anasema naingia mara moja tu, anaiegemeza baiskeli ukutani. Ameshaipoteza.

Dawa yake ni rahisi. Tone moja la mafuta ya cherehani ndani ya tundu kila wiki mbili au tatu, halafu lifungue na kulifunga mara kadhaa ili mafuta yatembee. Usitie mafuta ya kupikia, huganda na kunasa vumbi. Usitie girisi nzito, hushika mchanga. Ukitoka ufukweni lisuuze kufuli kwa maji baridi ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi, ulikaushe. Na unapolifunga, tundu la ufunguo liangalie chini, maji ya mvua yasisimame ndani. Faida ya pili ni kwamba mwizi atapata taabu kulichokonoa au kuligonga.

Hapohapo, uwe macho na ule waya uliovikwa plastiki, unaouzwa kwa bei nafuu na kupendwa na wengi kwa kuwa ni mwepesi. Jua letu hupasua plastiki, maji ya chumvi hupenya kwenye ufa, na nyuzi za chuma huoza ndani huku nje waya ukionekana mzima. Upinde karibu na masikio yako. Ukisikia nyuzi zikilia na kuvunjika, huo si waya tena. Hata ukiwa mpya, prasi kubwa huukata kwa muda mfupi. Unafaa kwa kuzuia siti au gurudumu la mbele, lakini usiutegemee peke yake.

Je, wajua kwamba kufuli lililobana ni gumu kuvunja kuliko lenye nafasi? Mwizi anatafuta mahali pa kutia mtaimbo au bomba apindue. Mnyororo unaoning'inia hadi chini anauwekea jiwe, anaupiga nyundo. Uzungushe mnyororo mpaka ulegevu uishe, na kufuli likae juu, mbali na ardhi.

Je, wajua mahali pa kupitisha kufuli? Wengi hufunga gurudumu la mbele kwa nguzo. Gurudumu la mbele hushikiliwa na nati mbili tu, na mwenye spana hukuachia gurudumu lako akaondoka na baiskeli. Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2008 na ambaye maandishi yake bado yanasomwa na mafundi kote duniani, alishauri kufuli la umbo la U lipitishwe kwenye gurudumu la nyuma, ndani ya ile pembetatu ya nyuma ya fremu, kisha lishike nguzo. Gurudumu la nyuma haliwezi kupenya pembetatu hiyo likatoka, kwa hiyo umefunga gurudumu na fremu kwa kufuli moja dogo. Kwa mnyororo pia inawezekana, tena unaweza kuupitisha kwenye bomba la fremu kabisa.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Kryptonite ya Marekani ilifunga baiskeli kwa kufuli lake la U kwenye nguzo mtaani Greenwich Village, New York, ikaiacha siku 30? Wezi walibeba kila kipande kilichoweza kufunguliwa. Kufuli na kilichofungwa vikabaki. Somo lake kwetu ni la vipuri: siti, pampu, kengele, taa.

Lakini kampuni hiyo hiyo, Septemba 2004, ilijikuta na aibu kubwa pale mwendesha baiskeli mmoja alipoonyesha kwamba baadhi ya makufuli yenye tundu la mviringo yalifunguka kwa ganda la kalamu ya Bic. Ganda la plastiki lilisukumwa ndani, likazungushwa, kufuli likafunguka. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja makufuli. Ukiona dukani kufuli la bei rahisi lenye tundu la duara, likumbuke tukio hilo.

Je, wajua kwamba ile leva ndogo ya chuma inayofungua gurudumu bila spana ni uvumbuzi wa Mtaliano? Tullio Campagnolo wa Vicenza aliipatia hataza mwaka 1930, akiwafikiria waendesha baiskeli wa mashindano. Leo imo kwenye baiskeli nyingi za mitumba na za watalii zinazozunguka Malindi na Watamu. Kama yako inayo, mwombe fundi akuwekee nati za kawaida. Mbio hushindi sokoni.

Tukiwa bado kwa Wataliano, ambao Malindi imewazoea tangu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni: je, wajua kwamba filamu moja mashuhuri sana ya nchi yao inahusu baiskeli iliyoibwa? Vittorio De Sica aliitoa mwaka 1948. Antonio Ricci, baba asiye na kazi mjini Roma, anapata kibarua cha kubandika mabango, na sharti ni awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi, inaibwa. Anazunguka mji mzima na mwanawe mdogo Bruno. Mwishowe, amekata tamaa, anajaribu kuiba ya mtu mwingine na anakamatwa mbele ya mtoto. Aliyeigiza nafasi ya Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa amesomea uigizaji. Kila ninapowaona vijana wanaobeba madebe ya mnazi kutoka Kaloleni, au mitungi minne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80, juu ya karia moja, naona familia ya Ricci. Baiskeli ikienda, haendi mtu mmoja.

Je, wajua kwamba bodaboda ilianza kwa baiskeli? Miaka ya 1960 na 1970, mpakani Busia na Malaba, vijana walivusha watu na mizigo kwa karia kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Baadaye kazi ilienea nchini, na baiskeli za abiria zikafika hadi mitaa ya Malindi. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zikaimeza kazi hiyo. Baiskeli ikabaki kwa watu wa kipato kidogo zaidi: mbeba maji, muuza mkate, mchuuzi wa samaki, mwanafunzi. Ndiyo maana naona wizi wake ni jambo zito kuliko bei yake.

Je, wajua kwamba picha ya macho inaweza kupunguza wizi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walibandika mabango yenye macho ya binadamu na maneno ya onyo kwenye maegesho matatu ya baiskeli chuoni. Matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalionyesha wizi ulipungua kwa asilimia 62 mahali hapo. Ila kwenye maegesho mengine ya chuo yasiyo na macho, wizi uliongezeka kwa asilimia 65. Mwizi alihama tu.

Sisi hatuhitaji mabango, tuna macho yenyewe. Mama wa mahamri, muuza madafu, kijana wa kuchaji simu, mlinzi wa benki. Sokoni Charo wa Mae, Kilifi, weka baiskeli mbele ya mtu anayekaa hapo siku nzima, umsalimie, umwambie, "Mama, baiskeli hii yangu naiacha hapa, nikichelewa nipigie kelele." Ukirudi, nunua kitu chake. Mtu aliyekuona ukishuka kwenye baiskeli ndiye atakayeshangaa akimwona mwingine akiipanda. Uchochoro uliojificha unakupa kivuli wewe na unampa nafasi mwizi.

Je, wajua saa ambazo macho hayo hayapo? Ijumaa wakati wa swala, baiskeli zimepangana nje ya msikiti na wenyewe wako kwenye sijida. Usiku wa matanga, umati mkubwa, giza, kila mtu mgeni kwa mwenzake. Mnada. Mechi inapoonyeshwa kwenye banda la video. Saa hizo, wawili mnaojuana fungeni baiskeli zenu pamoja, kichwa cha moja kwenye mkia wa nyingine, mnyororo ukipita kwenye fremu zote mbili. Hakuna awezaye kuendesha baiskeli mbili zinazoelekea njia tofauti, na kuzibeba begani huku watu wakipita ni vigumu.

Je, wajua kwamba mnazi ni nguzo bora kuliko kibao cha barabarani? Nguzo fupi ya kibao, mwizi huinua baiskeli na kufuli lake akaivusha juu. Mwarobaini mchanga hukatwa kwa panga. Mnazi hauinuki na haukatiki kwa dakika moja. Tatizo ni unene: mzunguko wa shina unakaribia mita moja, kwa hiyo mnyororo wa futi mbili hautoshi, nunua wa mita moja na nusu. Na kabla hujaegesha, tazama juu. Nazi iliyokomaa ikianguka huvunja njiti, na kichwa pia. Pasipo na mnazi, omba grili ya dirisha la duka.

Je, wajua kwamba mwaka 1965 vijana wa kundi la Provo mjini Amsterdam walipaka baiskeli rangi nyeupe na kuziacha mitaani bila kufuli, atakaye achukue aende nayo kisha amwachie mwenzake? Polisi walizikusanya, maana sheria ya huko ilikataza kuacha baiskeli bila kufuli. Leo Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu, na chini ya stesheni ya treni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, yaliyokamilika mwaka 2019. Kwetu ni nadra kukuta chuma kimoja cha kufungia baiskeli mbele ya soko, hospitali au ofisi ya serikali. Chuma kilichopindwa na kuchimbiwa saruji, pale mbele ya lango ambapo mlinzi anaona, si gharama ya kuishinda kaunti.

Je, wajua kwamba Japani kila anayenunua baiskeli analazimika kuisajili, tangu mwaka 1994? Hubandikwa stika yenye nambari, na polisi wakiikuta imetupwa hujua ni ya nani. Hapa tuna Nyumba Kumi, tuna wazee wa mitaa, tuna daftari za shilingi hamsini. Mtaa mmoja wa Maweni au Kisumu Ndogo unaweza kuandika jina, nambari ya fremu na alama za baiskeli zake zote kwa siku moja ya Jumapili.

Je, wajua kwamba Muhammad Ali aliingia kwenye ndondi kwa sababu ya baiskeli? Mwaka 1954, akiwa na miaka 12 mjini Louisville, aliibiwa baiskeli yake. Akamwendea polisi Joe Martin akiapa kumpiga mwizi. Martin alikuwa mkufunzi wa ndondi, akamwambia ajifunze kupigana kwanza.

Je, wajua kwamba kumtafuta mwizi kwa ramli ni kosa? Pwani yetu ina njia zake za zamani. Wapo wanaosoma Halbadiri, kisomo kinachotaja majina ya waliopigana Badri, na masheikh wenyewe wanatofautiana kuhusu uhalali wake. Wagiriama walikuwa na kiraho, kiapo cha kumpambanua mkosa, kikiwemo kile cha shoka la moto. Tangazo tu la kwamba kisomo kitasomwa limewahi kumfanya mwizi airudishe mali usiku na kuiacha mlangoni. Lakini Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu enzi za ukoloni mwaka 1925, inamtia hatiani anayemwajiri mtu amtaje mkosaji kwa njia za uchawi. Na Kilifi tunajua jinsi jina likitajwa hivyo linavyoweza kumwua mtu. Wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi zisizo na ushahidi. Baiskeli haistahili kuongeza kaburi hata moja.

Kwa hiyo, je, wajua unachoruhusiwa kufanya ukimkuta mwizi mkono kwenye usukani? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi kwa polisi au kituo kilicho karibu bila kuchelewa. Kumpiga hakumo. Kumvisha tairi na kumwasha moto ni kuua, na kila aliyerusha jiwe anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Sauti ya "mwizi!" ikipigwa sokoni, watu hufika wengi kwa dakika chache, na wengi wao hawajui aliyeiba ni nani. Wewe mwenye baiskeli ndiye unayesikilizwa wakati huo. Simama katikati, sema kwa sauti kwamba unataka apelekwe kituoni, na mtafute mzee au chifu asimame nawe.

Kituoni, hakikisha umeandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio, na umepewa nambari yake. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Toa nambari ya fremu, picha, risiti, jina la fundi wako. Sema pia kama baiskeli uliikodi au ulikuwa umeachiwa, usiogope: kifungu cha 268 kinamtambua hata mwenye haki ya kukaa na mali kwa muda, na kinamhesabu mwizi yule anayekodi baiskeli kisha akaifanya yake.

Na hili la mwisho wengi hawalijui, nalo limewaumiza wengi. Baiskeli ikipatikana huwekwa kituoni kama kielelezo cha kesi, na kesi inaweza kuchukua miezi. Inakaa uani, juani, kwenye hewa ile ile ya chumvi, tairi zikipasuka, huku mwenyewe akitembea kwa miguu kutoka Msabaha hadi mjini na kapu la samaki kichwani. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mali iliyokutwa kwa mshtakiwa irudishwe kwa anayeonekana kuwa na haki nayo. Siku kesi inapotajwa, omba upesi kupitia kwa mwendesha mashtaka kwamba baiskeli ipigwe picha, picha zitumike kwa ushahidi, nawe ukabidhiwe baiskeli yako kwa sharti la kuileta ikihitajika. Eleza kwamba ndiyo kazi yako. Usiondoke mahakamani kabla ombi hilo halijaandikwa.